Dawa ya Embe Linalooza Makueni Ilipatikana 1987

Januari nilienda kumwona susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, huko Makueni. Chini ya miembe yake maembe yalikuwa yameanguka hadi unakosa pa kukanyaga. Nyuki wamejaa, harufu ni kama ya pombe. Siku mbili kabla nifike, broka alikuwa amepita na lori akitaka kununua kila embe kwa shilingi 3, na tena achague mwenyewe. Susu akakataa. Broka hakurudi. Jumapili nikapanda matatu kurudi Nairobi, na pale stejini mama mmoja alikuwa anauza embe kama hilo hilo, aina ya Apple, kwa shilingi 40.

Nilipowaonyesha wasee picha ya lile rundo, karibu wote walisema kitu kimoja: wakulima wetu hawana elimu, teknolojia haijafika, siku moja mambo yatakuwa sawa. Hapo ndipo nilikasirika, nikaanza kusoma. Sina digrii ya kilimo. Kusema ukweli sina digrii yoyote, chuo niliacha. Lakini nilichopata ni hiki: karibu kila njia ya kulinda embe baada ya kulichuma ni ya kitambo. Nyingine ni kuu kuliko wazazi wetu. Kwa hivyo swali si lini teknolojia itafika. Swali ni mbona ilipita hapa juu ikienda kwingine.

Twende pole pole, tuanze mwanzo kabisa.

Mwembe asili yake ni Asia ya Kusini, upande wa India na Myanmar. Ulivuka Bahari ya Hindi na wafanyabiashara, na kufikia mwaka 1331 embe lilikuwa tayari mezani katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tunajua hivyo kwa sababu Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Mogadishu mwaka huo kabla ya kushuka Mombasa na Kilwa. Huko Mogadishu alipewa wali wa samli, na kando yake ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Akaandika kwamba embe likiiva ni tamu sana na huliwa kama tunda, lakini likiwa bichi ni kali kama ndimu, na watu hulitia kwenye siki.

Yaani achari. Karibu miaka 700 iliyopita watu wa pwani hii walikuwa na jibu la msimu wa maembe kujaa: chumvi, siki, mtungi. Ukipita nje ya shule yoyote Mombasa leo utaona mtoto wa jibu hilo, embe bichi lililokatwa na kupakwa pilipili na chumvi. Hakuna aliyetumwa kutoka nje kuja kutufundisha.

Shida ni kwamba achari inahifadhi embe kwa kulibadilisha. Ukitaka embe bichi libaki bichi, au lifike Dubai likiwa na ladha yake, hapo unashindana na kitu kilicho hai. Embe likishachumwa halijafa. Linaendelea kupumua: linavuta oksijeni, linachoma sukari yake, linatoa joto. Likifika wakati wake linatoa gesi inayoitwa ethilini, na hiyo gesi ndiyo inaliambia lianze kuiva. Mbaya zaidi, inawaambia na majirani. Ndiyo maana embe moja lililoiva ndani ya kreti linaharakisha kreti nzima.

Nyanya zetu walijua hili bila kujua jina lake. Neno tunalo: kuvundika. Unafunika ndizi au maembe kwa majani, unayatia shimoni au ndani ya pipa, unayafungia na gesi yao wenyewe. Wanasayansi walifika baadaye. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, kule St. Petersburg, aliona njegere zake zinakua zimepinda ndani ya maabara, akafuata sababu hadi kwenye gesi ya taa, na ndani ya gesi hiyo akaikuta ethilini. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane akathibitisha kwamba matunda yenyewe yanaitengeneza. Tangu hapo tumekuwa na ufunguo mkononi. Ukitaka embe liive, ongeza ethilini. Ukitaka lisubiri, iondoe, au lipoze embe lipumue pole pole.

Lakini kuna ufunguo mwingine wa bandia, na huu unaujua. Mwaka 1892 Mkanada anayeitwa Thomas Willson alikuwa North Carolina akitafuta njia ya kutengeneza alumini. Akakosa alumini, akapata jiwe la kijivu ambalo likiguswa na maji linatoa gesi inayowaka. Hiyo ni kabaidi, na gesi yenyewe ni asetilini. Iliwasha taa za baiskeli na za migodi, halafu ikawa gesi ya mafundi wa kulehemu. Sasa, asetilini inafanana kidogo na ethilini. Embe linadanganyika. Ndiyo maana kuna wafanyabiashara wanaofunga vipande vya kabaidi kwenye karatasi na kuviweka katikati ya maembe mabichi. Kufikia kesho kutwa ganda limekuwa la njano. Ukiuma, ndani ni kali, karibu na kokwa ni gumu, na unajiuliza ni nini umelipia.

Tena kabaidi ya viwandani haijasafishwa kwa ajili ya kuliwa. Mara nyingi ina mabaki ya arseniki na fosforasi. India iliipiga marufuku kisheria kwa kuivisha matunda. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Kuhusu kupoza, najua mtu atauliza mbona susu asiweke tu kwenye friji. Embe ni mtoto wa joto. Ukiliweka chini ya nyuzi 12 au 13 za selsiasi kwa muda, linaumia. Ganda linakuwa na madoa ya kijivu na mashimo madogo, na likitolewa haliivi sawasawa. Kwa hivyo chumba cha baridi cha embe si kile cha nyama au cha maua. Ni chumba cha nyuzi 13 hivi.

Sasa tufike kwenye maji moto, kwa sababu hapa ndipo hadithi inageuka kuwa ya siasa.

Embe lina maadui wawili wanaoingia likiwa bado mtini. Wa kwanza ni kuvu. Inakaa kimya juu ya ganda, embe likiiva inaamka, unaona madoa meusi yanasambaa. Mwaka 1962 watafiti wa Puerto Rico walichapisha dawa rahisi ajabu: chovya embe kwenye maji ya nyuzi 51 hivi kwa dakika chache. Kuvu inakufa, embe linabaki. Hakuna sumu, hakuna hati miliki ya kutisha. Ni maji, moto na kipima joto.

Adui wa pili ni nzi wa matunda. Jike anatoboa ganda na kutaga mayai ndani. Nje unaona nukta ndogo tu. Ndani kuna funza. Nchi inayonunua matunda haiogopi sana wewe kula funza, inaogopa yule funza ageuke nzi na kumaliza mashamba yake.

Marekani ilijifunza hilo kwa uchungu. Aprili 1929 nzi wa Mediterania aligunduliwa Florida, katikati ya mashamba ya machungwa. Matunda yaliharibiwa kwa wingi, barabara zikawekwa vizuizi. Na kwa sababu Florida ilikuwa na pesa na sauti, wanasayansi wakakimbizwa kutafuta njia ya kuua funza bila kuua chungwa. Wakapata hewa moto yenye mvuke. Dharura ya tajiri ilizaa teknolojia.

Miaka ikasonga, wakapata kitu cha bei rahisi zaidi, kemikali inayoitwa ethilini daibromidi. Unafungia matunda chumbani, unapuliza gesi, funza wanakufa. Maembe ya Mexico na kwingine yaliingia Marekani kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Halafu ikajulikana kwamba inasababisha saratani kwa wanyama wa maabara, na ikapatikana kwenye maji ya ardhini. Mwaka 1983 na 1984 serikali ya Marekani ikaanza kuizuia, udongo kwanza, kisha nafaka. Maembe kutoka nje yaliongezewa muda, ukaisha 1987.

Hapo wauzaji wa embe walibaki bila mlango. Ni kwa sababu hiyo watafiti wa idara ya kilimo ya Marekani walirudi kwenye maji. Wakapima na kupata kwamba embe likizamishwa ndani ya maji ya nyuzi 46.1 kwa dakika 65 hadi 90, kulingana na ukubwa na umbo, joto linafika hadi kwenye kokwa na funza wote wanakufa. Mwaka 1987 njia hiyo ikakubaliwa. Leo embe la Mexico, Peru, Ecuador au Brazil linaloenda Marekani kwa kawaida limeoga hivyo kwanza. Mwaka 1987! Mathe wangu alikuwa bado shule ya msingi.

Japani nayo ilikubali mvuke, na Ufilipino ikajenga mitambo ya mvuke kwa sababu ilitaka soko hilo. India ilifungiwa na Japani kwa miaka 20, ikafunguliwa mwaka 2006 baada ya kukubali mvuke. Mwaka 2007 ikaingia Marekani kwa njia nyingine kabisa, miale. Embe linapitishwa kwenye mionzi ya kipimo cha angalau Gray 400, funza hawawezi tena kuzaa, na embe lenyewe halibaki na mionzi. Katika mazungumzo hayo hayo ya biashara, pikipiki za Harley-Davidson zikapata njia ya kuingia India. Embe kwa pikipiki. Mtu akikuambia kilimo si siasa, mwambie hiyo.

Umeona mpangilio? Hakuna hata moja kati ya hizi dawa iliyozaliwa kwa sababu mkulima fulani analia chini ya mti. Kila moja ilizaliwa mnunuzi mwenye nguvu alipofunga mlango, na serikali ya muuzaji ikasema lazima tuufungue.

Sasa turudi nyumbani.

Mwaka 2003 nzi mgeni kutoka Asia aligunduliwa hapa Kenya, pwani. Watafiti wa ICIPE, kituo cha wadudu kilichoko Kasarani, walikuwa kati ya wa kwanza kumwona. Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi, na kwa miaka michache tu alikuwa amesambaa Afrika karibu yote iliyo kusini mwa Sahara. Baadaye ikajulikana kwamba ni nzi yule yule wa Asia anayeitwa Bactrocera dorsalis. Kwa susu jina halikubadilisha kitu. Funza walikuwa ndani ya embe.

Mizigo yetu ikaanza kukamatwa Ulaya. Mwaka 2014 Kenya ikajizuia yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya, kabla ya kufukuzwa. Ilikuwa ni kujitoa uwanjani kabla refa hajakuonyesha kadi nyekundu. Ilichukua hadi 2021 kutangazwa kwamba tunaweza kurudi, Makueni ikiwa mbele kwa sababu ya kazi ya kupunguza nzi mashambani. Hesabu mwenyewe. Maji ya nyuzi 46.1 yalikubaliwa 1987. Nzi alifika 2003. Sisi tulijifungia 2014. Tulikuwa na miaka 16 kabla ya nzi, na mingine 11 baada yake, ya kujenga matangi na kujiandaa. Hatukufanya vya kutosha, kwa sababu waliokuwa wanaumia walikuwa watu kama susu, na susu hana balozi.

Wacha nitende haki kwa upande wa pili, kwa sababu kuna hoja ya kweli hapa. Tangi la maji moto si sufuria. Linahitaji kipima joto sahihi, kwa sababu nyuzi chache zikizidi kwa zaidi ya saa moja umepika embe, na zikipungua umebakisha funza hai. Embe lisilokomaa linaungua haraka zaidi. Linahitaji umeme au kuni, maji safi, na mtu wa kukagua. Mkulima mwenye miti 30 hawezi kununua hilo, na akijaribu nyumbani kwa kukisia atapoteza mavuno yote. Tena kuna wanaosema Ulaya si lazima, maembe yetu mengi ya nje huenda nchi za Ghuba, na mengi zaidi tunayala wenyewe. Kweli kabisa.

Lakini hiyo hoja ya mwisho ndiyo inaniuma. Tukisema ya nje yapewe maji moto na ya ndani yapewe kabaidi, tumesema nini kuhusu sisi? Mjapani analindwa na serikali yake dhidi ya funza ambaye hangemuua. Wewe hapo Githurai ukinunua embe, nani anauliza limeiva vipi? Mpaka wa Japani una mlinzi. Tumbo lako halina.

Na si kweli kwamba kila kitu kinahitaji mamilioni. Kuna mambo ambayo ni ya mikono tu. Embe lichumwe kwa mti wenye mfuko na kisu, lisiangushwe. Libaki na kikonyo kidogo, halafu kikatwe likiwa limegeuzwa chini, utomvu udondoke bila kugusa ganda, kwa sababu utomvu huo unachoma na kuacha alama nyeusi. Lichumwe asubuhi, liwekwe kivulini, lisipangwe kwenye magunia kama makaa.

Kuna chumba cha makaa pia. Unajenga kuta mbili za waya, unajaza makaa katikati, unayamwagia maji. Maji yakikauka yanaondoka na joto, ndani kunakuwa na ubaridi bila umeme. India walifanya wazo hilo kwa matofali na mchanga mbichi tangu miaka ya 1980. Hapa kwetu Profesa Jane Ambuko wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wamefanya kazi na wakulima wa maembe kwa vyumba kama hivyo, na pia kwa kifaa kinachoitwa CoolBot, ambacho kinafanya kiyoyozi cha kawaida kipoze chumba zaidi ya kilivyozoea. Yote haya yamejaribiwa katika nchi hii. Watafiti hutaja makadirio ya asilimia 40 hadi 50 ya maembe yetu kupotea baada ya kuvunwa. Karibu nusu. Na majaribio yanabaki majaribio.

Kuna kitu kingine nilikijua nikiwa nimechelewa. Lile rundo chini ya mwembe wa susu halikuwa hasara ya mwaka huu peke yake. Funza akimaliza kula anatoka ndani ya embe, anaingia kwenye udongo, anatoka akiwa nzi. Kwa hivyo broka anapokataa kulipa bei ya haki na maembe yakaachwa yaoze, anayelishwa pale ni nzi wa msimu ujao. Bei mbovu inazaa nzi, nzi wanafunga soko, soko likifungwa bei inakuwa mbovu zaidi. ICIPE wameleta mitego, na hata kijinyigu kutoka Hawaii kinachotaga ndani ya mayai ya nzi. Lakini kijinyigu hakiwezi kupambana na rundo la maembe la kila boma.

Mwezi uliofuata nilirudi. Mimi na binamu yangu tulichimba shimo la zaidi ya futi mbili tukazika maembe yote, wheelbarrow baada ya wheelbarrow. Mgongo uliniuma siku tatu. Susu alikaa kwenye kiti chake akitutazama, nikamweleza haya yote, kuanzia Mogadishu hadi Mexico. Alisikiliza vizuri. Halafu akauliza, "Sasa hayo maji moto, mjukuu wangu, yatakujia huku au mimi niyaendee?"

Nilifikiria sana jibu. Jibu langu ni kwamba susu hafai kuyaendea peke yake. Tangi moja kwa kila kikundi cha wakulima, chumba kimoja cha makaa kwa kila kijiji chenye miembe, na mkaguzi wa kabaidi kwenye kila soko kubwa. Hivyo ni vitu vya bajeti ya kaunti, na bajeti ya kaunti kisheria lazima ipelekwe kwa wananchi watoe maoni kabla ipitishwe. Mikutano hiyo huwa na viti vitupu, najua kwa sababu hata mimi sijawahi kwenda. Mwaka huu nitaenda ya Makueni, na nitabeba ile picha.

Na wewe ukisimama kwa kibanda leo jioni, kabla ulipe shilingi 40, uliza tu swali moja: hili liliivishwa na nini? Muulize kwa heshima, kwa sababu huenda yeye pia hakuambiwa. Lakini uliza.